Mfalme Richard na Fomu ya Binti Yangu

Katika likizo ya muhula wa kwanza, usiku mmoja ambao umeme ulituhurumia usikatike, mimi na binti yangu mkubwa tuliketi mbele ya kompyuta yangu ndogo tukatazama filamu ya Marekani iitwayo King Richard. Nilikuwa na sababu mbili za kuichagua. Ya kwanza niliitangaza: nilitaka kuitumia darasani, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tutakapofikia mada ya familia na uraia. Ya pili niliificha. Binti yangu ana miaka 12, yumo darasa la saba, na mwaka huu anafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Nilitaka aone kwa macho yake jinsi watoto wanaomtii baba yao wanavyofika mbali. Nilifanya kama mzazi anayeficha kidonge ndani ya ndizi mbivu.

Kidonge kile nilikuja kukimeza mwenyewe.

Filamu hii ilitoka mwaka 2021 na kuongozwa na Reinaldo Marcus Green. Will Smith anamwigiza Richard Williams, baba wa wachezaji wawili wa tenisi ambao hata mtu asiyejua kushika raketi amewahi kuyasikia majina yao: Venus na Serena. Si hadithi ya kubuni, ingawa sinema ni sinema, nayo hupunguza na kuongeza. Venus na Serena wenyewe walikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu wake, jambo ambalo mtazamaji makini hana budi kuliweka kibindoni tangu mwanzo. Hii ni picha ya baba iliyopita mikononi mwa mabinti wampendao.

Richard anaishi Compton, mji ulio kusini mwa Los Angeles. Kwa riziki yeye ni mlinzi wa usiku; mkewe, Brandy, ni muuguzi. Nyumbani mna mabinti watano. Watatu Brandy alikuja nao kutoka ndoa yake ya kwanza, na wawili wa mwisho, Venus na Serena, wamewazaa pamoja. Richard alisimulia mara nyingi kwamba kabla ya wawili hao kuzaliwa alimwona kwenye televisheni mchezaji wa Romania, Virginia Ruzici, akipokea hundi ya dola 40,000 kwa ushindi wa shindano moja tu. Akakata shauri papo hapo kwamba atapata mabinti wawili na kuwafanya mabingwa. Akaandika mpango wa makumi ya kurasa. Kocha hakuwa naye, wala hakuwa na fedha za kumwajiri. Alijifunza mchezo yeye na mkewe, kisha wakawafunza watoto katika viwanja vya umma, kwa mipira iliyochakaa, huku vijana wa magenge wakiwatazama kutoka pembeni.

Sisi Waswahili na wanafunzi wa Kiswahili tunayo methali inayomfaa mtu huyu: samaki mkunje angali mbichi. Nimeifundisha kwa miaka mingi na sijawahi kuitilia shaka. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza samaki.

Naomba nisimame hapa kidogo kama mwalimu wa lugha, kwa sababu neno nililolitumia hapo juu lina kazi kubwa katika makala haya. Neno ni shauri. Kukata shauri ni kuamua. Kutoa shauri ni kumpa mwenzako maoni. Ukiambiwa "shauri lako", umeonywa: matokeo utayabeba peke yako. Shauri linaweza hata kuwa kesi iliyo mbele ya hakimu. Sasa tazama kitenzi. Kushauri ni tendo linalokwenda upande mmoja; mmoja anasema, mwingine anapokea. Ongeza kiambishi cha kutendana, -an-, upate kushauriana, na tendo zima linageuka. Sasa wapo watu wawili, na hakuna anayejua mapema neno la mwisho litatoka kinywani mwa nani. Tofauti ni silabi mbili tu. Richard anakata mashauri, anatoa mashauri kwa makocha waliobobea bila kuona haya, na mara kadhaa anawapa wanawe lile onyo la shauri lenu. Kushauriana hakuonekani kwa muda mrefu sana.

Tuwe waadilifu kwake. Yapo mambo mengi ya kupendeza kwa baba huyu, na binti yangu aliyapenda yote. Anawasomesha watoto kwa bidii ileile anayowafunzia tenisi. Anawafundisha kwamba wao ni watu wa thamani katika nchi ambayo kila siku huwaambia vinginevyo. Makocha wanapotaka kuwaingiza watoto katika mashindano mengi ya vijana, ambamo wazazi wengine huwapigia wanao kelele hadi wakalia, yeye anawatoa, akitaka wapate utoto. Jirani mmoja anapoyaona mazoezi yale ya mvuani na kuita wakuu wa ustawi wa watoto, Richard anakiri bila kuficha kwamba ni mkali, kwa sababu mtaani kwao asiyelelewa kwa ukali huzikwa mapema. Mimi niliitikia kwa kichwa. Nimefundisha miaka ya kutosha kujua kwamba mtaa nao ni mlezi, na malezi yake si mazuri.

Lakini kuna tukio lililonifanya nisogee kitini. Watoto wameshinda, wamo garini, wanajisifu na kucheka. Richard anachukizwa na majivuno. Anasimama dukani, anawaacha washuke, kisha anaondoa gari ili warudi nyumbani kwa miguu wajifunze unyenyekevu. Brandy anamwamuru ageuze gari. Anageuza. Jioni anawaketisha wote watazame filamu ya katuni ya Cinderella, kisha anawauliza wamejifunza nini, na wasipopata jibu alilolitaka, watazame tena. Binti yangu alicheka sana. "Baba," akasema, "huyu ni wewe." Nikacheka pia. Sikuona bado kwamba sote wawili tulikuwa tumeketi mbele ya filamu niliyoichagua mimi, nikisubiri kumwuliza amejifunza nini.

Kuna tukio jingine zito zaidi. Kijana wa genge anamsumbua Yetunde, binti mkubwa wa Brandy. Richard anapigwa anapojaribu kumkinga, na siku moja anatoka kazini na bastola ya ulinzi mkononi, amekusudia kuua. Wengine wanamtangulia, kijana yule anapigwa risasi na watu waliokuwa garini, na Richard anabaki na dhambi asiyoitenda. Filamu inapita haraka hapo, lakini mimi sikupita. Mtu anayewafundisha wanawe subira kila asubuhi alikuwa amebakiza hatua chache tu awe mfungwa, na mabinti watano wabaki bila yeye. Neno analolitumia mtu kama huyo kujitetea ni kulinda. Mwaka uliofuata, Machi 2022, katika usiku wa tuzo za Oscar, Will Smith huyohuyo alimpiga kofi mbele ya ulimwengu mchekeshaji Chris Rock, aliyekuwa amemtania mkewe, na muda mfupi baadaye akapokea tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu hii. Katika hotuba yake alimtaja Richard Williams kuwa mlinzi mkali wa familia yake. Sijui kama kuna mwalimu wa uraia awezaye kutunga zoezi la kujadili kuliko hilo.

Turudi kwa binti. Familia imehamia Florida, kwenye chuo cha kocha Rick Macci, baada ya kocha Paul Cohen wa kule California. Miaka inapita. Venus anafanya mazoezi, anasoma, wala hashindani. Anakaribia miaka 14 na anataka kuingia miongoni mwa wachezaji wa kulipwa. Anajua yuko tayari. Baba anakataa, kwa sababu mpango haujafika ukurasa huo. Uso wa msichana yule, anayeigizwa na Saniyya Sidney, haukunjwi kwa hasira. Unafungwa tu, kama dirisha la duka.

"Kwa nini hakumwuliza?" binti yangu akasema.

Nikajibu kama mwalimu. Nikamwambia baba anamjua mtoto wake, na pengine anaona mbele kuliko yeye.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe pia hukuniuliza."

Wasomaji wasio wa Uganda wanahitaji maelezo mafupi. Hapa kwetu, mtoto anapoandikishwa kwa mtihani wa darasa la saba, huchagua pia shule za sekondari anazotamani kwenda, naye huziorodhesha kwa mpangilio. Fomu ya kuandaa orodha hiyo ililetwa nyumbani siku ya Ijumaa. Niliijaza usiku, yeye akiwa amelala. Nafasi ya kwanza niliandika shule moja ya bweni yenye sifa, iliyo mbali na kwetu mwendo wa nusu siku kwa basi. Nafasi zilizobaki nilijaza za kufanana na hiyo. Mwandiko ulikuwa wangu, sahihi ilikuwa yangu, na mahali palipotaka jina la mtahiniwa niliandika jina lake vizuri kwa herufi kubwa.

Asubuhi ile mke wangu aliikuta mezani. Siku za amani mke wangu huniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Akikasirika huniita Mwalimu. Alikuwa akichochea uji. "Mwalimu," akasema, "umemwuliza mwenyewe?" Nikamjibu kwamba mtoto wa miaka 12 hajui lolote kuhusu shule. Akaendelea kuchochea uji. Nilidhani nimeshinda hoja.

Ndiyo maana tukio la jikoni katika filamu ile lilinipata pabaya. Brandy, anayeigizwa na Aunjanue Ellis, amenyamaza kwa muda mrefu, na sisi watazamaji tumemzoea akipika, akienda zamu, akirudi, akimfunza Serena pale Cohen alipomchukua Venus peke yake. Sasa anasimama mbele ya mumewe na kumwambia yote. Kwamba kazi hii si yake peke yake. Kwamba yeye pia amefunza, amebeba, amelipa. Anamtajia biashara alizozianza na kuziacha zilipokuwa ngumu. Anamkumbusha watoto wengine aliowazaa kabla ya hawa na kuwaacha. Hapigi kelele nyingi. Anachomkatalia ni kile cheo kilichomo katika jina la filamu.

Katika vitabu vya uraia tunafundisha mihimili mitatu ya dola: serikali, bunge na mahakama. Tunafundisha kwamba hakuna mhimili unaopaswa kubaki bila wa kuukosoa. Wanafunzi hukariri hayo vizuri na kupata alama. Kisha wanarudi katika nyumba ambazo mtu mmoja ndiye mihimili yote mitatu, na ndiye polisi pia. Brandy hana katiba mkononi wala hana haja ya kuondoka ili asikike. Ana kumbukumbu. Anajua kilichotokea mwaka gani na nani alilipa. Nimekuja kuamini kwamba uwajibikaji, nyumbani kama serikalini, huanza kwa mtu anayekumbuka na asiyeogopa kutaja.

Mapatano ya watoto yanasema nini? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unatambua kwamba mtoto anayeweza kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Marekani, nchi ya Venus na Serena, ilitia sahihi lakini haijauridhia hadi leo. Sisi Uganda tuliuridhia mwaka 1990. Mwaka huohuo Afrika ilipitisha Mkataba wake wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Nao, katika ibara ya 31, unataja pia wajibu wa mtoto, ukiwemo kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Wazazi wengi wakisikia ibara ya 31 hufurahi na kufunga kitabu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Zingatia lakini kwamba hakuna mahali ambapo mikataba hii inasema mtoto ndiye aamue kila kitu. Inasema asikilizwe. Kumsikiliza mtu si kumtii, na baba anayechanganya mawili hayo ataogopa kuuliza swali lolote.

Nami nina historia na jambo hili. Baba yangu alikuwa dereva wa malori katika njia ya Mombasa hadi Kampala. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuja ndani ya kabati la lori lake, pamoja na chumvi, kanga na kaseti za taarabu. Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kusomea sheria. Nilirudi kutoka matembezini jioni moja nikamkuta amekwisha kulipa nusu ya karo katika chuo cha ualimu. Stashahada yangu, ambayo leo inanilisha na kunivika, sikuichagua. Niliamuliwa. Angalia hiyo kauli ya kutendwa, mwanafunzi wangu. Mimi ni mfano wake ulio hai.

Naipenda kazi hii, na hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa niliishia kuipenda, kila mtu katika ukoo husema mzee aliona mbali. Filamu ya Richard ina mtego uleule, tena mkubwa zaidi. Serena alikuja kushinda mataji makuu 23 ya mchezaji mmoja mmoja, Venus 7, na wakiwa pamoja kwa wawili wawili wakashinda 14. Mbele ya hesabu hiyo kila kosa la baba linageuka kuwa hekima. Ukali unakuwa nidhamu na kiburi kinaitwa imani. Lakini ni akina baba wangapi walioandika mipango yao, wakawatoa watoto mvuani kila asubuhi, na watoto wasishinde chochote? Hao hawatengenezewi filamu. Watoto wao wapo, ni watu wazima sasa, na ukiwatajia mchezo ule wanabadilisha mazungumzo. Njia ya kumwamua mtoto haiwezi kupimwa kwa medali, kwa sababu siku inapoamuliwa medali bado haipo.

Wiki ileile nilimpigia baba simu. Amestaafu, yuko kijijini, anafuga mbuzi. Sikuwahi kumwuliza jambo hili kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Baada ya salamu, na salamu za kwetu ni ndefu, nikamwambia, "Mzee, nina swali. Mbona hukuniuliza nilitaka kusoma nini?"

Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "nilijua. Ulikuwa unaisema sheria kila siku. Ningekuuliza, ungesema sheria. Nami ningelazimika kukuambia sina fedha za sheria. Niliona haya."

Nilikuwa nimebeba chuki ndogo miaka yote hiyo juu ya baba dikteta, na kumbe palikuwa na baba mwenye aibu. Tulizungumza kidogo juu ya mbuzi, tukaagana.

Baada ya simu hiyo niliirudia filamu peke yangu, nikatafuta tukio moja nililolipuuza mara ya kwanza. Baada ya lile la jikoni, Richard anakwenda kwa Venus. Haanzi kwa kuomba radhi wala kwa kutoa ruhusa. Anamsimulia utoto wake kule Shreveport, Louisiana, katika enzi ya ubaguzi, jinsi alivyokuwa akimlipa mzungu, mikono ikagusana, na watu wakamshukia kumpiga. Baba yake alikuwa pale. Aliona. Akakimbia. Richard anamwambia binti yake kwamba aliapa yeye hatakuwa baba wa namna ile. Baada ya hapo tu, akiisha kuionyesha ile hofu iliyokuwa chini ya mpango wote, ndipo anamwachia uamuzi wa kucheza.

Mpangilio huo si wa bahati. Anayeuliza kwa kweli hana budi kwanza kufungua kile alichokuwa akikilinda. Baba yangu asingeweza kuniuliza bila kunionyesha mfuko wake mtupu. Richard asingeweza kumwuliza Venus bila kumwonyesha yule mtoto aliyeachwa chini akipigwa. Tunaita mamlaka, tunaita mpango, na mara nyingi ni pazia.

Yaliyobaki katika filamu wengi wanayajua. Oakland, mwaka 1994, Venus ana miaka 14. Kampuni ya Nike inaleta kitita cha dola milioni 3 kabla hajacheza, na safari hii binti yumo katika mazungumzo, mzazi na mzazi na mtoto, wakakubaliana kukikataa. Anashinda mchezo wake wa kwanza. Katika wa pili anakutana na Arantxa Sánchez Vicario wa Uhispania, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa wakati huo, anamshinda seti ya kwanza 6–2, anaongoza 3–1 katika ya pili, kisha hapati tena hata mchezo mmoja: 3–6, 0–6. Nampongeza aliyeamua filamu iishe kwa kushindwa. Binti analia, anatoka nje, na kumbe watu wamejaa wakimsubiri. (Mkataba mkubwa ulikuja mwaka uliofuata, kutoka Reebok, dola milioni 12.)

Sasa juu ya fomu. Mimi nilikuwa nikiogopa nini? Nilijiuliza hivyo nikisafisha baiskeli, na jibu lilikuja upesi mno, maana yake lilikuwepo siku zote. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mwanafunzi wa kutwa, msichana mwepesi wa Kiswahili kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alikuwa akitembea kilomita sita kwenda na nyingine sita kurudi. Mwendesha bodaboda mmoja akawa anampa lifti. Kabla ya mtihani wa kidato cha nne alikuwa na mimba na hakurudi. Ninamwona sokoni mara mojamoja, anauza nyanya, ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," kwa matamshi safi niliyomfundisha. Shule ya bweni niliyoiandika kwenye fomu ilikuwa ukuta dhidi ya bodaboda ile.

Nilimwita binti yangu uani, mama yake akiwepo, nikamweleza. Si rahisi kwa baba wa kwetu kuzungumza na binti juu ya mambo haya; kwa kawaida kazi hiyo huachiwa shangazi. Nilitafuta maneno, mimi ninayelipwa kwa kutafuta maneno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nilikuwa najua kwamba binamu yake, aliyekwenda bweni, alikaa muhula mzima bila kumwambia mtu kwamba anaumwa. Sikujua. Mke wangu alijua.

Tukashauriana. Ilituchukua jioni mbili. Yeye alitaka shule ya kutwa iliyo hapa mjini, ambako rafiki zake wawili wanakwenda, sababu ambayo niliiona nyepesi hadi aliponionyesha kwamba wote watatu wanatoka mtaa mmoja na watatembea pamoja asubuhi na jioni. Hiyo bodaboda niliyokuwa nikiijengea ukuta, yeye alikuwa ameshaifikiria.

Jumatatu nilikwenda shuleni kwao kuomba fomu nyingine. Karani alinitazama juu ya miwani. Akaniuliza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani, kwani imejazwa vizuri, mwandiko wa mwalimu huonekana. Nikamwambia imejazwa na mtu asiyehusika. Hakuelewa, lakini alinipa, akaniambia mwisho ni Ijumaa.

Ameijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake unaolala upande wa kushoto. Shule ya kutwa ameiweka ya kwanza. Ile yangu ya bweni ameiweka ya pili. Nilipomwuliza kwa nini hakuifuta kabisa alisema, "Ulisema unaogopa." Nimetia sahihi mahali pa mzazi. Mkono haukuwa mwepesi, na bado kila bodaboda ikipita mbele ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi ninainua kichwa.